Je, Wajua? Ruzizi, Sambaza na Mambo Mengine Yaliyopimwa Upya

Je, wajua kwamba mwelekeo wa mto Ruzizi uliwahi kuzua ubishi mkubwa kati ya wasomi wa London? Mwaka 1858 Richard Burton na John Hanning Speke walifika Uvira, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, kwa mtumbwi, wakiutafuta mwanzo wa mto Nile. Walitamani kusikia kwamba Ruzizi unatoka ziwani kwenda kaskazini, maana hapo kazi yao ingekuwa imekwisha. Wenyeji wakawajibu kinyume: maji ya Ruzizi yanaingia ziwani, hayatoki. Ulaya haikuridhika na neno la wenyeji. Ubishi uliendelea hadi Novemba 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walipotoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafika mto unapoishia na kujionea wenyewe maji yakiingia. Miaka 13 ilipita kwa swali ambalo mchunga ng'ombe yeyote wa Luberizi, kwenye tambarare ya mto huo, angelijibu bila kusimama.

Hata hivyo mabwana hao hawakuota tu. Zamani za kale maji ya Ziwa Kivu yalikuwa yakielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward, na kwa njia hiyo yakaingia katika mkondo wa Nile. Volkano za Virunga zilipoinuka zikaziba njia. Maji yakajaa nyuma ya ukuta wa lava, ziwa likapanda, na yapata miaka 10,000 iliyopita likafurika upande wa kusini, hapo ilipo Bukavu leo. Ndivyo ulivyozaliwa Ruzizi tunaoujua. Unaanzia kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, unaporomoka kwenye makorongo hadi Kamanyola, kisha unatulia katika tambarare ya Luvungi, Luberizi na Sange, na kuingia Tanganyika karibu mita 700 chini ya ulikoanzia, baada ya safari ya kilomita zipatazo 120. Sehemu kubwa ya chumvichumvi iliyomo katika maji ya Tanganyika imeletwa na mto huu kutoka Kivu.

Kisa hiki kinafanana na mengi yatakayofuata hapa. Jambo linasemwa, linaaminiwa, kisha mtu anakwenda kulipima na habari inageuka. Katika ukanda wetu, kuanzia Kivu hadi Uvira, upimaji wa namna hiyo umefanyika sana katika miaka 20 iliyopita. Matokeo yamechapishwa kwa Kiingereza, mbali na macho ya watu wanaokunywa maji hayo na kula samaki hao.

Je, wajua kwamba ndani ya Ziwa Kivu kuna gesi ya methani yapata kilomita za ujazo 60, na kaboni dioksidi mara tano ya hiyo? Gesi hizo zimeyeyuka majini, na uzito wa maji ya juu ndio unaozizuia zisitoke. Ajabu nyingine ni mpangilio wa ziwa lenyewe. Tumezoea kwamba maji ya vuguvugu hupanda na ya baridi hushuka. Kivu inakwenda kinyume: maji ya chini kabisa, kwenye kina cha mita 485, yana joto kuliko yale ya kina cha mita 80. Hayapandi kwa sababu chemchemi za chini ya ziwa zinayaongezea chumvi na kaboni dioksidi, yakawa mazito. Watafiti walioshusha vipima joto wamekuta mamia ya tabaka nyembamba, nyingi hazifiki hata mita moja, zimepandana ngazi kwa ngazi, kila moja na joto lake na chumvi yake.

Hofu ya gesi hiyo inajulikana Goma na Bukavu. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kamerun lilitapika kaboni dioksidi usiku, watu wapatao 1,700 wakafa pamoja na mifugo yao. Nyos ni dimbwi tu ukililinganisha na Kivu, na kandokando ya Kivu wanaishi watu zaidi ya milioni mbili. Mwaka 2005 utafiti mmoja uliongeza wasiwasi: vipimo vya wakati ule, vikilinganishwa na vya 1974, vilionyesha kwamba methani imeongezeka kwa kiasi cha asilimia 15. Watu wakaanza kupiga hesabu ya miaka iliyobaki.

Mwaka 2018 timu kutoka Uswisi, Ujerumani na Ufaransa zilikutana juu ya ziwa hilohilo, kila moja na vyombo vyake, zikapima sambamba na kulinganisha. Majibu yao, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalisema kwamba ongezeko halionekani. Gesi inayozalishwa na gesi inayopotea karibu zinalingana. Tofauti ya zamani inaelekea ilitokana na ugumu wa kupima: ukiyavuta juu maji yaliyojaa gesi, gesi inatoroka kabla hujaisoma, na kila chombo kinapoteza kiasi chake. Hatari haijafutika, kwa sababu mlipuko mkubwa wa volkano chini ya ziwa bado unaweza kuyatibua maji hayo. Lakini habari kwamba ziwa linajaa mwaka hadi mwaka mpaka siku litakapofumuka, ambayo bado inasimuliwa kwenye baa na hata redioni, haina tena vipimo vya kuiunga mkono. Nashangaa kwamba habari ya kutisha ilifika kila kijiji, na ile ya kutuliza moyo ikabaki kwenye jarida.

Gesi yenyewe Rwanda ilianza kuitumia zamani. Tangu miaka ya 1960 kiwanda cha bia cha Gisenyi kilikuwa kikichemshia kwa gesi ya ziwa. Mtambo wa KivuWatt, upande wa Karongi, unazalisha megawati 26 za umeme kwa maji yanayovutwa kutoka kina cha mita 350 hivi. Hapo kuna ufundi unaopendeza: pampu inahitajika mwanzoni tu. Maji yakishaanza kupanda ndani ya bomba, mgandamizo unapungua, gesi inatoka kama mapovu, na mapovu hayo yenyewe yanaendelea kuyavuta maji juu.

Je, wajua kwamba Ghuba ya Kabuno, kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya ziwa, ni dirisha la kuchungulia bahari za miaka zaidi ya bilioni mbili iliyopita? Ghuba hiyo imetengwa na ziwa kuu na kizingiti cha kina cha mita kama kumi tu. Chini ya kina hicho hakuna oksijeni, na maji yamejaa chuma kilichoyeyuka. Mwaka 2015 watafiti walieleza kwamba humo kuna bakteria wanaotumia mwanga wa jua na chuma hicho kujitengenezea chakula, bila kutoa oksijeni. Wanasayansi wanaamini kwamba bakteria wa aina hiyo ndio waliosaidia kulimbikiza madini ya chuma tunayoyachimba leo duniani, enzi ambayo hewa ya kuvuta ilikuwa haijapatikana. Mvuvi wa huko anapita juu yao kila usiku.

Sasa tuje kwa sambaza, maana bila sambaza mazungumzo ya Kivu hayajakamilika. Je, wajua kwamba sambaza ni mgeni Kivu? Hadi miaka ya 1950 ziwa hilo halikuwa na samaki hata mmoja anayeishi katikati ya maji marefu. Vyakula vyote vya huko vilikaa bila mlaji. Mwishoni mwa miaka hiyo Mbelgiji Alphonse Collart alichukua vifaranga vya Limnothrissa miodon kutoka Ziwa Tanganyika na kuvimwaga Kivu. Wengi wao walikuwa wadogo mno, wakafa njiani na baada ya kufika. Waliobaki walitosha. Leo mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, na nyavu zikining'inia kwenye miti mirefu mbele na nyuma, na taa zikimulika maji usiku usio na mwezi, ni sura ya Kivu inayojulikana kila mahali, na ukiondoa sambaza kwenye soko la Bukavu familia nyingi zitakula bugali na sombe tupu. Samaki huyohuyo alipelekwa pia Kariba mwishoni mwa miaka ya 1960, na huko wanamwita kapenta.

Mwaka 1986 mtaalamu mwingine wa Ubelgiji, Henri Dumont, alitoa onyo kali. Kijidudu kikubwa kuliko vyote vinavyoelea Kivu, aina ya Daphnia, kilikuwa kimekwisha kuliwa na sambaza mpaka kutoweka. Kwa hoja yake, wadudu walaji wa mwani wangepungua, mwani ungebaki bila kuliwa, na mwishowe samaki wenyewe wangekosa riziki na uvuvi ungeanguka. Hoja ilikuwa imepangwa vizuri. Ziwa halikuisikiliza. Timu iliyokuwa na mtafiti wa Bukavu, Masilya Mulungula, ilipima wingi wa samaki kwa mawimbi ya sauti na kuchapisha mwaka 2012 kwamba sambaza walikuwa karibu wengi kama ilivyokuwa miaka ya 1980. Ni kweli kwamba Daphnia yule hakurudi, na Dumont kwa hilo hakukosea. Lakini vijidudu vidogo zaidi vilishika nafasi, na sambaza wakazoea kula vya aina nyingi, pamoja na watoto wao wenyewe. Kinachowasumbua wavuvi siku hizi ni nyavu za matundu madogo, na mgeni wa pili kutoka Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, aliyeonekana Kivu mwaka 2006 na anayegombania chakula kilekile.

Ukifika Bukavu mahali ziwa linapomwaga maji, unakuta bwawa la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Je, wajua kwamba adui wa mitambo yake leo si ukame peke yake? Ni chupa za maji, mifuko na bidoni zilizopasuka. Mvua inazisomba kutoka kwenye vilima vya mji hadi ziwani, mkondo unazivuta polepole kuelekea mlango wa mto, na zinajibana mbele ya mitambo. Kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuzitoa, wengine kwa kupiga mbizi. Mtambo ukizibwa, umeme unapungua Bukavu na Uvira.

Vilima hivyo navyo vinatembea. Mtaa wa Funu, Bukavu, umejengwa juu ya mporomoko wa ardhi wenye kina kirefu, unaoteleza taratibu tangu zamani. Mwaka 2022 Antoine Dille na wenzake walichapisha utafiti uliotumia picha za angani za tangu miaka ya 1940 na vipimo vya rada za satelaiti, wakaonyesha kwamba kadiri nyumba zilivyoongezeka ndivyo mwendo wa ardhi ulivyobadilika na kuongezeka. Mvua peke yake haikutosha kueleza kasi hiyo. Maji yanayomwagwa na watu, mifereji isiyofika mwisho na mabomba yanayovuja yana mkono wao. Nyumba yenye ufa unaorudi kila baada ya kuzibwa, fundi hana kosa.

Je, wajua kwamba Uvira ndiko kulikopimwa, siku kwa siku, bei ya bomba kukauka? Kwa miaka mitano, kati ya 2009 na 2014, watafiti wa chuo cha afya cha London wakiongozwa na Aurélie Jeandron walilinganisha orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa kiasi cha maji kilichotoka kila siku kwenye mtambo wa Regideso, shirika la maji. Ya pili ilikuwa idadi ya watu waliolazwa kila siku katika kituo cha kipindupindu. Mtambo ulisimama mara nyingi, hasa kwa kukosa umeme. Siku ambayo haukutoa maji kabisa ilifuatiwa, ndani ya siku 12, na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu. Kwa hesabu zao, karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka hiyo walihusiana na kukatika kwa maji.

Soma tena hiyo robo. Kwa miaka mingi mazungumzo ya kipindupindu Uvira yalikuwa juu ya mvua, ziwa na tabia za watu: nawa mikono, chemsha maji, chimba choo. Ni ushauri mzuri. Lakini mama aliyezoea kuteka bombani, bomba likinyamaza siku mbili, anachukua bidoni yake na kushuka ziwani au kwenye mto Mulongwe au Kalimabenge, kwa sababu watoto hawawezi kungoja. Utafiti ulionyesha kwamba mitaa iliyotumia maji ya bomba kwa wingi ndiyo iliyoumia zaidi yalipokatika. Sasa unganisha na chupa za plastiki za Bukavu. Chupa iliyotupwa mtaroni Kadutu, Bukavu, inaweza kuchangia kuzima taa Uvira, na taa ikizimika pampu inalala. Sisemi kwamba kila mgonjwa ametokana na chupa. Nasema kwamba vitu hivi viko kwenye waya mmoja, na waya huo unapita kwenye tambarare yetu.

Uvira imetoa jibu jingine lililohitajiwa na dunia nzima. Baada ya mafuriko ya Aprili 2020, watu walichanjwa kwa chanjo ya kunywa ya kipindupindu, na wengi walipata dozi moja tu badala ya mbili. Espoir Bwenge Malembaka, daktari na mtafiti wa Bukavu, pamoja na wenzake, walifuatilia waliougua na wasiougua. Mwaka 2024 walichapisha kwamba dozi hiyo moja ilikinga kwa karibu nusu, na kinga ilikuwa bado inaonekana hata zaidi ya miaka miwili baadaye. Kabla ya hapo, tangu Oktoba 2022, dunia ilikuwa imekwisha kulazimika kutumia dozi moja kwa sababu chanjo hazitoshi, bila kujua vizuri inadumu muda gani mahali ambapo ugonjwa haukauki. Kwa watoto wadogo kinga ya dozi moja inajulikana kuwa dhaifu zaidi, kwa hiyo bidoni safi bado ina kazi.

Tukiwa bado Uvira, tuje kwa ndagala, samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika. Je, wajua kwamba ndagala wa Uvira na ndagala wa Mpulungu, Zambia, kilomita zaidi ya 600 kusini, ni ukoo mmoja? Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2019 haukukuta mpaka wowote kati yao. Kwa hiyo nchi moja ikivua ovyo, nchi zote nne za ziwa zinavua kutoka sufuria moja. Nchi hizo zilikubaliana kufunga uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, hatua iliyowauma sana wavuvi na wachuuzi, na kisayansi ilikuwa na maana pale tu wote walipoitii kwa pamoja.

Lakini nyavu si mkosaji pekee. Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti, kila moja kivyake, yalionyesha kwamba Tanganyika inapata joto na maji yake hayachanganyiki kama zamani. Mbolea ya ziwa iko chini, na upepo wa kiangazi ndio unaoipandisha. Maji ya juu yakizidi joto yanakaa juu kama kifuniko, na mwani wa kulisha vijidudu unapungua. Mojawapo ya makundi hayo lilikadiria kwamba uzalishaji wa mwani umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 matope ya chini ya ziwa yalitoa ushahidi mwingine: mabaki ya samaki yalianza kupungua tangu karne ya 19, kabla ya meli za uvuvi za miaka ya 1950 kuingia. Mzee anayesema samaki walikuwa wengi zaidi enzi za babu yake hapigi porojo.

Tuuache mto kidogo, tupande milimani. Je, wajua kwamba aina mpya ya virusi vya mpox ilitambuliwa Kamituga, mji wa wachimba dhahabu katika teritwari ya Mwenga? Wagonjwa wa kwanza walionekana Septemba 2023. Vitabu vilisema kwamba mpox ya Kongo hutoka kwa wanyama wa porini, huwapata zaidi watoto, na huenea kidogo katika familia. Kamituga wagonjwa walikuwa watu wazima, wengi wao vijana, na ugonjwa ulienea kwa kugusana kwa karibu, ikiwemo kujamiiana. Jeni za virusi zilithibitisha: zilikuwa na alama maalumu zinazoachwa na kinga ya mwili wa binadamu, ishara kwamba virusi vilikuwa vinapita kutoka mtu hadi mtu. Kundi hilo likaitwa Ib.

Kuna kipengele kimoja ambacho hakikusemwa sana. Virusi hivyo vilikuwa vimepoteza kipande cha jeni, na kipande hicho ndicho kilichokuwa kikitafutwa na kipimo kimoja cha maabara kilichotumika duniani kutambua kundi la kwanza la mpox. Kipimo kilitafuta kisichokuwepo. Walioiokoa hali ni wauguzi na madaktari wa Kamituga waliokataa kuamini kwamba ni kitu cha kawaida, na watafiti wa Kongo waliosoma jenomu nzima. Julai 2024 virusi vilikuwa vimefika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa, iliyofutwa Septemba 2025. Chanjo za kwanza Kongo zilitolewa Goma tarehe 5 Oktoba 2024, zaidi ya mwaka mmoja baada ya wagonjwa wa kwanza wa Kamituga. Kwa maoni yangu kuchelewa huko hakuna utetezi.

Je, wajua kwamba sokwe wakubwa wa Grauer, ambao Kahuzi-Biega inajulikana kwao, waliongezeka karibu maradufu bila kuzaa? Mwaka 2016 makadirio yalisema wamebaki 3,800, kutoka 16,900 wa miaka ya 1990. Mwaka 2021, baada ya wahesabuji kuingia misitu ambayo vita ilikuwa imeifunga, makadirio mapya yakawa 6,800. Sokwe walikuwepo, watu ndio hawakuwa wamefika. Bado ni pungufu kubwa.

Na milima ya Itombwe, inayoonekana magharibi ukiwa Luberizi asubuhi ya hewa safi? Huko Eli Greenbaum wa Texas na Chifundera Kusamba wa kituo cha utafiti cha Lwiro walitangaza mwaka 2012 kwamba wamewaona tena vyura wa aina nne ambao walikuwa hawajaonekana kwa miongo mingi. Kituo cha Lwiro, kilomita kama 40 kutoka Bukavu, kimekuwepo tangu 1947, na kimepita vita vyote bila kufungwa moja kwa moja. Kingestahili makala yake.

Sasa turudi tambarare, shambani. Je, wajua kwamba muhogo unaweza kuwa na majani ya kutosha kupika sombe nzuri, na huku mizizi imeoza ndani? Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, katika kituo cha Amani, nchini Tanganyika (Tanzania bara ya leo). Kwa karibu miaka 70 wataalamu waliandika kwamba ni ugonjwa wa pwani na nchi za chini, hauwezi kusumbua mahali palipo juu ya mita 1,000. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, juu ya kimo hicho, na sheria hiyo ikafa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba umeenea mashariki mwa Kongo.

Ubaya wake ni kwamba haujitangazi. Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, unauona kutoka barabarani: majani yanajikunja na kuwa na mabaka, na mkulima anajua. Huu wa michirizi unaacha madoa ya manjano kwenye majani ya chini tu, yale yanayozeeka, na nani anayatazama hayo? Ukipasua mzizi ndipo unapokuta mabaka makavu ya kahawia kwenye nyama nyeupe, magumu kama kizibo. Muhogo wa hivyo haufai kuchemsha, na ukiukausha unga unapoteza rangi na bei.

Ugonjwa huu ni wa virusi, na nzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani ndio wanaoupeleka ugonjwa shamba kwa shamba. Lakini nzi hao hawawezi kubeba virusi hivi kwa muda mrefu. Ndani ya siku moja au mbili wamevipoteza. Safari ndefu, za kutoka teritwari moja kwenda nyingine, zinafanywa na sisi, kwa mafungu ya miti ya kupanda juu ya pikipiki na malori ya barabara ya Uvira. Kwa hiyo msimu ujao, kabla hujapokea miti ya muhogo kwa jirani au kuinunua sokoni, omba shina moja la shamba hilo ling'olewe na mizizi yake ipasuliwe mbele yako. Ukiona kahawia ndani, usiichukue hata kama ni ya bure.